Eneo la 13: kiti kinachoamuliwa kabla ya siku ya kura

Upande wa kusini wa mji wa Chicago kuna kiti cha useneta wa jimbo la Illinois ambacho tangu mwaka 1991 kimekaliwa na watu wanne. Alice Palmer alikipata kwa kuteuliwa, baada ya aliyemtangulia kustaafu katikati ya muhula. Kwame Raoul alikipata kwa kuteuliwa. Robert Peters naye aliteuliwa. Aliyekaa kati ya Palmer na Raoul ndiye pekee aliyeingia kwa kupigiwa kura. Lakini hata yeye, katika kura za mchujo za chama chake, ambazo huko ndizo uchaguzi wenyewe, alipita bila kupingwa, kwa sababu wapinzani wake wanne walikuwa wameenguliwa au wamejitoa baada ya kuwekewa mapingamizi. Jina lake Barack Obama.

Dunia inamjua Obama wa Ikulu ya Washington, na Wakenya wanamjua kama mtoto wa Barack Obama mkubwa wa Nyang'oma Kogelo, Siaya. Eneo la 13 la Seneti ya Illinois, lililomtoa, halina umaarufu huo. Ni mistari tu juu ya ramani, na mistari hiyo imechorwa, imefutwa na kuchorwa upya mara nyingi kiasi kwamba mkazi wa mtaa mmoja anaweza kubadilishiwa maseneta watatu bila kuhama nyumba.

Kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani lina bunge lake, na yote isipokuwa Nebraska yana mabunge ya nyumba mbili. Bunge la Illinois hukutana Springfield, kiasi cha kilomita 320 kusini-magharibi mwa Chicago. Lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Kila eneo la seneti hukatwa vipande viwili, na kila kipande hutoa mwakilishi mmoja wa nyumba ya pili, Baraza la Wawakilishi. Kwa sensa ya mwaka 2020, seneta mmoja wa Illinois anawakilisha watu wapatao 217,000. Nje ya Marekani wabunge hawa hawasikiki, ingawa mambo mengi yanayomgusa Mmarekani kila siku yako mikononi mwao: shule, polisi, bima, leseni, ndoa, kifungo cha jela na hata adhabu ya kifo.

Moyo wa Eneo la 13 ni Hyde Park, mtaa ulio kando ya Ziwa Michigan ambako Chuo Kikuu cha Chicago kilianzishwa mwaka 1890. Kuuzunguka ni mitaa ya watu weusi, ambao babu na bibi zao walipanda treni kutoka Mississippi, Alabama na Arkansas kukimbia kazi za mashamba ya pamba na ubaguzi wa kusini. Walipofika walikuta mipaka ya aina nyingine. Wenye nyumba weupe waliwekeana mikataba ya kutouza wala kupangisha kwa mtu mweusi, na chuo kikuu kiliwaunga mkono. Familia ya Hansberry ilinunua nyumba katika mtaa wa jirani, ikashitakiwa, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1940. Binti wa familia hiyo, Lorraine, baadaye akawa mwandishi mashuhuri wa tamthilia. Mikataba hiyo ilipoteza nguvu ya kisheria mwaka 1948, lakini watu walikuwa wameshabanana katika mitaa michache. Ubaguzi wa makazi ndio uliorahisisha kazi ya wachora ramani: ukijua mtu anakaa barabara gani, unajua rangi yake, na mara nyingi unajua kura yake.

Kabla wachora ramani hawajaanza kazi hiyo, Illinois ilikuwa na tatizo la ramani isiyochorwa kabisa. Katiba ya mwaka 1870 iliwataka wabunge wachore upya mipaka kila baada ya miaka 10. Walifanya hivyo mwaka 1901, kisha wakaacha kwa zaidi ya nusu karne. Sababu haikuwa uvivu. Mwaka 1900 Chicago ilikuwa na watu milioni 1.7, mwaka 1950 walikuwa milioni 3.6. Wabunge wa mashambani walijua kwamba siku wakihesabu watu kwa haki, viti vyao vitahamia mjini, tena kwa Wakatoliki, Wayahudi na watu weusi. Basi wakakalia ramani yao. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Kenneth Colegrove, alikwenda mahakamani kulalamikia hali kama hiyo katika viti vya Bunge la Washington. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ilimjibu kwamba mahakama hazipaswi kujitia katika siasa za namna hiyo.

Mwaka 1954 yakapatikana maridhiano: Baraza la Wawakilishi lingefuata idadi ya watu, Seneti ingefuata ukubwa wa ardhi. Kwa maneno mengine, wakulima wa mahindi walibaki na Seneti.

Hata maridhiano hayo yalivunjika kwa kishindo. Mwaka 1963 Gavana Otto Kerner alikataa kutia saini ramani ya Baraza la Wawakilishi, na tume iliyoundwa kusuluhisha ikashindwa kuelewana. Katiba ilisema mambo yakifika hapo, wawakilishi wote wachaguliwe na jimbo zima. Kwa hiyo mwaka 1964 kila mpigakura wa Illinois alipewa karatasi yenye urefu wa inchi 33, karibu mita moja, ikiwa na majina ya wagombea 236 wanaowania viti 177. Watu waliiita shuka la kitanda. Kila chama kilikuwa kimesimamisha wagombea 118 tu. Democratic wakashinda wote 118, Republican wakaambulia 59. Miongoni mwa walioingia bungeni kwa shuka hilo alikuwa mwanasheria wa Chicago, Harold Washington, ambaye mwaka 1983 angekuwa meya wa kwanza mweusi wa mji huo.

Mwaka huohuo wa 1964 Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Earl Warren, iliamua kesi ya Alabama iitwayo Reynolds v. Sims. Hukumu ilisema nyumba zote mbili za bunge la jimbo zigawanywe kwa idadi ya watu, kwa kuwa bunge huwakilisha binadamu na si miti wala ekari. Seneti ya Illinois ya mashamba ikafa pale. Mipaka yake ilichorwa upya mwaka 1965, na mwaka 1966 Hyde Park na majirani zake walimchagua Richard Newhouse, mwanasheria mweusi aliyekaa Seneti kuanzia 1967 hadi 1991.

Newhouse alikuwa Democrat asiyependwa na wakubwa wa Democratic. Wakati huo Chicago ilikuwa chini ya Meya Richard J. Daley, aliyetawala kuanzia 1955 hadi kifo chake mwaka 1976 kwa mfumo uliojulikana mji mzima kama "mashine": chama kilitoa ajira, mabalozi wa mtaa walileta kura, na aliyekwenda kinyume alinyimwa hata taka zake kuzolewa. Hyde Park ilikuwa mwiba. Diwani wake, Leon Despres, mara nyingi alipiga kura ya hapana peke yake dhidi ya madiwani wengine wote 49. Mwaka 1975 Newhouse alithubutu kumpinga Daley katika mchujo wa umeya. Alishindwa vibaya, lakini hatua hiyo ya mtu mweusi ilikumbukwa miaka minane baadaye, Harold Washington alipofanikiwa.

Hapa inafaa kutaja utaratibu mmoja ambao Illinois iliutumia kwa zaidi ya karne na ambao leo umesahaulika. Kuanzia 1870 kila eneo lilikuwa na wawakilishi watatu, na kila mpigakura alikuwa na kura tatu. Angeweza kuzigawa kwa watu watatu, au kuzimimina zote kwa mtu mmoja. Kundi dogo lililoshikamana liliweza kupitisha mtu wake hata kama wengi hawamtaki. John W. E. Thomas, aliyezaliwa mtumwa Alabama, aliingia bungeni kwa njia hiyo mwaka 1876 na kuwa mbunge wa kwanza mweusi wa Illinois. Mwaka 1978 wanawake wawili wa upande wa Hyde Park, Barbara Flynn Currie na Carol Moseley Braun, nao waliingia chini ya utaratibu huo. Currie alidumu kwa miaka 40. Moseley Braun akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti ya Marekani.

Mwaka 1980 mwanaharakati aitwaye Pat Quinn aliongoza kampeni ya kupunguza idadi ya wabunge. Wananchi, waliokuwa na hasira kwa sababu wabunge walikuwa wamejiongezea mishahara, waliipitisha. Viti vikashuka kutoka 177 hadi 118, na kura tatu zikafutwa. Tangu hapo mwenye wingi katika eneo huchukua kila kitu, na thamani ya kalamu ya mchora ramani ikapanda ghafla.

Kalamu hiyo inashikwa na nani? Kenya, tangu Katiba ya mwaka 2010, mipaka ya maeneo bunge 290 huamuliwa na tume huru ya uchaguzi na mipaka, IEBC. Tanzania nako ni kazi ya tume ya uchaguzi. Tume hizo hulaumiwa kwa mengi, lakini walau mbunge hakati mwenyewe jimbo lake mezani. Illinois anakata. Wabunge wenyewe hupitisha ramani kama sheria, gavana hutia saini. Wasipoelewana, huundwa tume ya watu wanane, nusu kwa nusu kwa vyama viwili. Hao nao wakikwama, Mahakama ya Juu ya jimbo hutoa majina mawili ya watu wa vyama tofauti, na jina la mtu wa tisa huokotwa kati yake kwa bahati nasibu. Waandishi wa Katiba ya mwaka 1970 walidhani hakuna chama chenye akili kitakachohatarisha miaka kumi ya madaraka kwa bahati nasibu, hivyo vyama vitalazimika kuelewana. Walikosea mara tatu mfululizo. Mwaka 1981 Democratic walishinda bahati nasibu. Mwaka 1991 wakashinda Republican. Septemba 2001 Katibu wa Jimbo, Jesse White, alitia mkono ndani ya kofia ndefu iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, akatoa jina la Michael Bilandic, Democrat na meya wa zamani wa Chicago.

Turudi mwaka 1991. Newhouse alipostaafu, chama kilimteua Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati aliyeheshimika sana katika mitaa ile. Mwaka uliofuata alishinda uchaguzi na kupata muhula kamili. Mwaka 1995 mbunge wa eneo hilo huko Washington, Mel Reynolds, alitiwa hatiani na kujiuzulu, na Palmer akaamua kugombea nafasi hiyo. Mrithi aliyemuunga mkono alikuwa mwanasheria wa miaka 34, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuja mjini mwaka 1985 kufanya kazi ya kuunganisha wananchi wa mitaa maskini na ambaye mwaka 1992 aliongoza kampeni iliyoandikisha wapigakura weusi wapatao 150,000. Septemba 1995, katika hoteli moja ya Hyde Park, Obama alitangaza kugombea, Palmer akiwa upande wake.

Novemba 28, 1995, Palmer alishindwa katika mchujo wa kiti hicho cha Washington. Jesse Jackson mdogo alikuwa wa kwanza, Seneta Emil Jones wa pili, Palmer wa tatu. Wazee wa siasa wakamwendea Obama: mwachie mama kiti chake, wewe bado kijana, zamu yako itafika. Akakataa. Palmer akaamua kurudi hata hivyo.

Sheria ilimtaka kila mgombea awasilishe sahihi za wadhamini wasiopungua 757 waliojiandikisha kupiga kura ndani ya Eneo la 13. Timu ya Palmer ilikusanya haraka haraka na kuwasilisha 1,580 siku ya mwisho ya kurudisha fomu, Desemba 18. Kwa jicho la kawaida zilitosha mara mbili. Mwanzoni mwa Januari 1996 watu wa Obama walikwenda ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago na kuanza kuzipitia mstari kwa mstari. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia sahihi. Huyu anakaa nje ya mpaka, labda ng'ambo ya barabara. Huyu hayumo katika daftari, na daftari lenyewe lilikuwa limetoka kusafishwa, majina zaidi ya 15,000 ya Eneo la 13 yakiwa yamefutwa. Wengi waliodhamini kwa moyo mweupe hawakujua kwamba wamefutwa.

Sahihi za Palmer zilipungua chini ya kiwango, akajitoa. Wagombea wengine watatu waliwekewa mapingamizi ya namna hiyohiyo. Mmoja aliyekuwa amewasilisha sahihi 1,899 aliishia kupungukiwa 69. Mwezi Machi karatasi ya mchujo ya Democratic ilikuwa na jina moja, na Novemba Obama akapata asilimia 82 dhidi ya wagombea wasio na uzito.

Hakuna sheria iliyovunjwa, na Obama mwenyewe alijitetea miaka mingi baadaye kwamba walifuata kanuni walizozikuta. Utetezi huo ni wa kweli. Kweli pia ni kwamba mwandikishaji mashuhuri wa wapigakura alipata kiti chake cha kwanza kwa kuhakikisha wapigakura hawana wa kumchagua ila yeye. Msomaji wa Tanzania au Kenya aliyewahi kuona mgombea akienguliwa kwa kasoro ya fomu hahitaji maelezo zaidi. Jambo la kuongeza ni kwamba mbinu hiyo ilikuwa silaha ya zamani ya mashine ya Daley, na Hyde Park ndiyo iliyokuwa ikijivunia kuipinga.

Kufika Springfield si kufika madarakani. Bahati nasibu ya mwaka 1991 ilikuwa imewapa Republican ramani, na ramani ikawapa Seneti kuanzia 1993 hadi mwanzo wa 2003. Kwa miaka sita Obama alikuwa seneta wa chama cha wachache, na miswada mingi ya wachache ilifia kwenye kamati. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa Washington na mmoja wa waanzilishi wa tawi la Illinois la chama cha wanaharakati weusi cha Black Panther, akapigwa karibu kura mbili kwa moja. Wapigakura wengi weusi wa upande wa kusini walimwona msomi wa Hyde Park asiye mtu wao.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2001 aliingia katika jengo la Stratton mjini Springfield, kwenye chumba ambacho mlango wake ulifunguka kwa alama za vidole na namba za siri. Humo wataalamu wa Democratic walikuwa na kompyuta za kuchorea ramani. Aliketi na mmoja wao, John Corrigan, na wakachora Eneo la 13 jipya. Lile la zamani lilitoka Hyde Park likaelekea magharibi hadi Englewood, moja ya mitaa maskini kabisa ya Chicago. Jipya liliacha sehemu kubwa ya magharibi na kupanda kaskazini kufuata ziwa, likapita katikati ya mji na kufika Gold Coast, kwenye majumba ya matajiri. Watu weusi walibaki kuwa wengi, lakini sasa Obama alikuwa na wapigakura wenye fedha, wenye magazeti, na wenye marafiki Washington. Mwaka 2002 alishinda katika ramani hiyo bila mpinzani. Oktoba 2 mwaka huo, katika mkutano wa kupinga vita vya Irak pale Federal Plaza, ulioandaliwa na wanaharakati wa tabaka hilohilo la kando ya ziwa, alitoa hotuba iliyomsaidia sana miaka sita baadaye.

Haitakuwa haki kusema ramani ilimfanya rais. Kipaji hakichorwi kwa kompyuta. Ila kofia ya mwaka 2001 ilimfungulia mlango: Democratic walichukua Seneti, na Emil Jones, yuleyule aliyemtangulia Palmer katika kura za mwaka 1995, akawa rais wa Seneti na kumkabidhi Obama miswada mizito. Mmojawapo, wa mwaka 2003, uliwataka polisi wa Illinois warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Novemba 2004 alichaguliwa kwenda Seneti ya Marekani kwa asilimia 70.

Kiti kikabaki wazi, na utaratibu wa kukijaza Illinois ni huu: viongozi wa chama wa kata zilizomo ndani ya eneo hukutana na kumteua mtu wa chama kilekile, kila mmoja akiwa na uzito kulingana na kura za kata yake. Walimteua Kwame Raoul, mwanasheria mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul alisukuma muswada wa kufuta adhabu ya kifo, na Machi 2011 gavana aliyetia saini alikuwa Pat Quinn, yule mwanaharakati wa mwaka 1980. Mwaka 2018 Raoul alichaguliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Januari 2019 viongozi wa kata wakakutana tena, wakamteua Robert Peters, mwanaharakati aliyejulikana kwa masuala ya haki za jinai. Yeye ni miongoni mwa waliosimamia sheria iliyofuta dhamana ya fedha. Tangu Septemba 2023 mtuhumiwa Illinois hawekwi mahabusu kwa sababu tu hana pesa, na hakuna jimbo lililotangulia kuifuta dhamana hiyo kabisa. Wateule wote watatu walikwenda baadaye kwa wapigakura na wakashinda. Lakini walikwenda wakiwa tayari wamekalia kiti, na wakiwa na rekodi hizo, nani wa kuwaondoa?

Februari 10, 2016, Obama alirudi Springfield akiwa rais na kulihutubia bunge lake la zamani. Aliwaambia wabunge kwamba haifai wanasiasa kujichagulia wapigakura. Democratic waliokuwa ukumbini, ambao ramani ilikuwa yao, hawakushangilia sehemu hiyo kama walivyoshangilia nyingine. Miezi michache baadaye wananchi waliwasilisha sahihi zaidi ya 550,000 wakitaka kura ya kuunda tume huru ya mipaka. Safari hii sahihi zilitosha. Agosti 25 Mahakama ya Juu ya Illinois, kwa kura 4 dhidi ya 3, ilisema pendekezo lenyewe linakiuka katiba ya jimbo, na likaondolewa.

Mwaka 2021 wabunge wa Democratic walichora ramani nyingine, wakaichora tena takwimu za sensa zilizochelewa zilipotoka, na Gavana J. B. Pritzker akatia saini. Agosti 2025, Republican wa Texas walipochora upya viti vyao vya Washington katikati ya muongo, Obama aliunga mkono mpango wa California wa kujibu kwa ramani yake yenyewe, akisema bado angependa mfumo huo ukomeshwe nchi nzima. Ramani inayofuata ya Eneo la 13 itachorwa mwaka 2031, baada ya sensa ya 2030. Sheria ya Illinois isipobadilika, watakaoichora ni wabunge watakaokuwa wamekalia viti hivyo. Wakishindwa kuelewana, bahati nasibu bado imo katika katiba.